Mlango Mdogo wa Mibungoni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru sana, ingawa bado najiuliza mtu asiyetakiwa tena kazini ana haja gani ya kujua saa. Nimeitundika sebuleni, na anayeitumia hasa ni mke wangu, hunionesha kwa kidole kila ninapochelewa kuamka. Katika maneno yenu siku ile, wengi mlisema nyinyi mnaoingia kwenye upimaji wa ardhi sasa mngependa kujua kazi ilivyokuwa kabla ya hivi vyombo vya setilaiti. Basi naandika. Vyeo sitaviandika, maana vingi nilipewa ili ninyamaze, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya Mibungoni, kwa sababu ndiko nilikojifunzia kazi, na ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Mibungoni nyote mnaijua. Ukitoka Chake Chake kwa njia ya Wesha unakunja kulia, unapanda kilima, halafu ghafla lami inakuwa nzuri na watu wanatoweka. Kuta ndefu huku na huku. Mageti ya chuma yenye sura za simba, mnyama ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa hiki. Madirisha ya aluminiamu yamefungwa, na maua yanamwagiliwa kwa mpira hata siku ya mvua, kwa kuwa mlinzi kaambiwa amwagilie kila siku. Nyumba hazina namba. Zinaitwa kwa kazi za wenyewe: kwa Spea, kwa Mabasi, kwa Saruji, kwa Vitenge. Wenyewe wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Maskati. Wanarudi Idd, mtaa unanukia pilau na udi, watoto wanaozungumza Kiswahili cha mbali wanakimbizana na baiskeli, kisha wanaondoka na mtaa unabaki na walinzi na paka.

Wala sina neno baya na matajiri wale. Ni watoto wetu. Wengi waliondoka na mkoba mmoja, wakachuuza nguo begani, wakalala chini ya meza za maduka ya watu mpaka nao wakapata maduka yao. Mtu aliyepita huko ana haki ya kurudi kwao akajenga nyumba yenye vyoo vingi kuliko wakaazi. Ninalolijutia ni jengine, na nitalifikia.

Siku yangu ya kwanza pale hapakuwa na ukuta hata mmoja. Kilima kizima kilikuwa mikarafuu, na mibungo imetambaa juu yake, ndiyo asili ya jina la mahali. Ulikuwa msimu wa vuno, na chini ya kila mti palikuwa na majamvi yaliyoanikwa karafuu, harufu yake inakuingia mpaka kwenye nguo. Mimi nilipewa kushika ncha ya mnyororo, yaani ule mnyororo wa chuma wa kupimia masafa, ambao nyinyi mnauona kwenye kabati la kioo pale ofisini na kuusogeza mkitaka kuweka chai. Ulikuwa unakata viganja. Sikuwa nimefika mbali nikakanyaga kiota cha nyigu, nikapiga ukelele, nikautupa mnyororo wa serikali kichakani na kukimbia.

Mkuu wetu wa uwanjani, Mzee Shaame, hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti hata kwenye jua kali, na kalamu yake aliichomeka ndani ya kofia yake ya viua, akiitaka huivua kofia yote. Alinitazama nilivyovimba mdomo akaniambia: "Hao ndo wenye mahala wa mwanzo. Ungewaamkia kwanza wasingekuuma." Kisha akanituma nikautafute mnyororo.

Mzee Shaame alikuwa na utaratibu wake ambao wakubwa wa ofisi waliuona kupoteza muda. Tukifika mahali papya, ile thiodolaiti, darubini yetu ya kupimia pembe, ilibaki ndani ya sanduku lake. Yeye alizunguka kwa miguu, mti kwa mti, na kwa kila mti akauliza ni wa nani. Nyinyi mliozaliwa mjini pengine hamlijui hili vizuri: kwetu sisi ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu chengine. Shamba linaweza kuwa mikononi mwa mtu huyu, mkarafuu uliomo ukawa wa shangazi yake, na mnazi wa pembeni ukawa wa jirani ambaye babu yake aliupanda kwa ruhusa. Na aliwauliza wanawake kabla ya wanaume, maana wanaume, alisema, huujua mti unapozaa tu.

"Ardhi twaipima," aliniambia, "miti twaiuliza. Ukianza na kupima, utakuja kuuliza mbele ya hakimu."

Wakati ule bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, vijana walikuwa wamekwenda zao, na uamuzi ulikuwa umeshapitishwa huko juu kwamba kilima kigawanywe viwanja vikubwa vya kujenga. Waliokuwa wakiishi pale walikuwa wachache, nyumba za udongo na makuti, nao walikubali kuhamia bondeni chini ya kilima na kulipwa miti yao. Miongoni mwao alikuwa Bi Mize, mjane wa makamo, mwembamba, sauti yake ya chini lakini hakuna aliyemkatiza. Alikubali yote. Mikarafuu yake ikahesabiwa, mshelisheli ukahesabiwa, hata kisima. Tukafika kwenye mnazi mmoja nyuma ya nyumba, mahali pamefagiliwa mpaka mchanga unang'aa.

"Na huu?" Mzee Shaame akauliza.

"Huo si wangu."

"Wa nani?"

"Wa Salim, mwanangu."

"Basi tumwite tuzungumze naye."

"Salim yuko Arabuni." Akaonesha chini ya shina kwa ufagio wake wa chelewa. "Hapa kipo kitovu chake. Kilipoanguka nilikizika miye kwa nkono wangu, babake akapanda nnazi juu yake. Nlipeni yote hayo mengine. Huu nitauuzaje? Nitauzaje ntu?"

Mzee Shaame alivua kofia, akaichomeka kalamu ndani, akaivaa tena. "Basi hauuzwi," akasema. Akaitwa sheha, wakaitwa na majirani, na pale pale chini ya mnazi yakakubaliwa kwa mdomo mbele ya watu wote: atakayepewa kiwanja kile atapata ardhi bila ya mti huo, na Bi Mize atapita kwenda kwenye mnazi wa mwanawe wakati wowote autakao. Mimi nilikuwa kijana, nikaona ni kichekesho, kiwanja chenye kitone katikati ambacho si cha mwenye kiwanja. Sikujua kwamba katika kilima kizima kile ndicho kitu pekee tulichokipima sawasawa.

Habari za Salim nilizipata baadaye kidogo kidogo. Alikwenda kutafuta maisha akiwa bado ndevu hazijamjaa. Mwanzo zilikuja barua, kisha salamu kwa midomo ya watu, kisha hapana kitu. Waliomwona walisema yuko mji huu, wengine wakasema mji ule. Bi Mize hakuwa akimtafuta. "Akirudi," aliniambia siku moja, "hatakwenda ofisini kwenu kuuliza mama yuko wapi. Atakuja hapa. Ntu hurudi kwenye kitovu chake. Akute pamefagiliwa, ajue yupo anayemngoja." Hilo ndilo alilokuwa akilishikilia, na hakuwa na jengine.

Tukaipima Mibungoni. Nitasema ukweli, ilikuwa kazi safi. Mistari iliyonyooka, mabarabara mapana ya kupishana malori mawili, bikoni za zege za mipaka zilizokaa timazi. Mgeni akiitazama ile ramani hata leo ataisifu. Lakini palikuwa na njia ya miguu iliyokikata kilima kutoka bondeni mpaka upande wa pili, wanawake wakipita na ndoo, watoto wakienda chuoni na misahafu yao, na kila anayepita anatoa salamu na kuitikiwa. Mzee Shaame aliipigania. Akajibiwa kutoka mezani kwamba njia ya miguu haina upana wa kuchoreka. Tukaipitishia viwanja juu yake. Najuta kwa njia ile kuliko kwa kosa lolote la hesabu nililowahi kulifanya, maana hesabu hurudiwa ikasahihishwa. Njia ilipokufa, na salamu zikafa nayo.

Saruji ikaanza kushushwa bandarini Wesha, malori yakapanda kilima tangu asubuhi. Kesi ngumu zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa za kijinga. Spea na Mabasi waligombana kwa ukuta uliopita mpaka kwa upana wa kiganja. Niliitwa mara nne kuupima upya, na kila mara kiganja kilikuwa kile kile. Walipokosa kushindana kwa ukuta wakashindana kwa ghorofa, kila mmoja akiongeza moja ili amwone mwenzake kwa juu. Hivi sasa kila baraza ya juu inatazamana na tangi la maji la jirani, na katika ghorofa zile mbili za juu sijasikia mtu aliyewahi kulala.

Kiwanja chenye mnazi wa Salim kilimwangukia Bwana Nassor, huyo tunayemwita Vitenge, ana maduka ya nguo Dar es Salaam. Nilimpeleka mimi kumwonesha bikoni zake, na njia nzima nilikuwa na wasiwasi nitamwambiaje habari ya mti. Nikamweleza. Akasimama, akaliangalia shina lile, akavua viatu kabla ya kusogea.

"Miye wangu uko kwetu," akasema. "Ningeukata nnazi wangu mama angenilaani. Nani kakwambia nitaugusa?"

Na kweli hakuugusa. Aliigeuza ramani ya nyumba yake ili mnazi ubaki uani, na alipojenga ukuta akamwambia fundi aache mlango mdogo wa mbao kwa nyuma, upande wa bondeni, wenye komeo tu bila kufuli. "Bi Mize asipite getini," alisema, "geti ni la wageni." Nilimpenda mtu yule tangu siku hiyo, na bado nampenda, na hilo ndilo linalonitatiza.

Miaka mingi ikaenda hivyo. Kila baada ya alasiri Bi Mize alipanda kilima na ufagio wake, anafungua komeo, anafagia chini ya mnazi, anakaa kwenye kipande chake cha jamvi mpaka jua linapungua, anarudi. Mkwezi akija kuangua, yeye anachukua nazi mbili tatu, nyengine anaziacha jikoni kwa mlinzi. Nikiwa na kazi kilimani nilipenda kupitia pale, maana ndipo mahali pekee Mibungoni pote nilipokuwa nikisikia neno karibu. Alinipa dafu na maneno yake.

"Hebu nambie, Hamad, watu hawa wamemjengea nani?"

"Wameijengea Idd, Bi Mize."

"Na Idd ishasema inaitaka nyumba kubwa hivyo?"

Tulicheka sana, lakini alikuwa akizitazama zile kuta kwa huruma. Alisema mama wa yule tajiri wa Saruji alikuwa shoga yake wa vuno, na sasa hajui hata kama yu hai.

Mzee Shaame alistaafu, akanipa timazi yake ya shaba, ile ninayowaachia nyinyi kwenye mtoto wa meza. Akaniambia neno moja tu: "Ukishamaliza kupima mahala, rudi ukawaamkie watu." Hakuishi muda mrefu baada ya hapo, Mungu amrehemu. Mwanzo nilirudi kweli. Kisha zikaja mashine mpya, zikaja kazi za Wete na huko kaskazini, gari la ofisi linakupakia asubuhi na kukushusha jioni, hukanyagi pahala pa mtu ila juu ya bikoni yake. Vijana wangu, zile mashine ni nzuri, msinifahamu vibaya. Zinajua kila kitu kilipo. Ila hazijui watu huja kufanya nini hapo.

Nilirudi Mibungoni mwaka wangu wa mwisho wa kazi, kutafuta bikoni moja bondeni iliyopotea pale barabara ilipopanuliwa. Nikaona nimpitie Bi Mize. Nyumba yake nikaikuta imefungwa, na barazani pamejaa nazi. Nazi juu ya nazi, mpaka usawa wa dirisha. Za chini zilikuwa zimeshachipua, majani yamepanda magotini, mizizi imetoka na kuingia kwenye nyufa za baraza. Nilidhani amekufa. Nikaketi juu ya jiwe.

Jirani yake, Bi Asha, akanitokea na upawa mkononi. "Yuko Konde," akasema, "kwa ntoto wa dada yake. Kahama muda sasa."

"Na nazi hizi?"

"Zaletwa. Nlinzi wa kule juu aja nazo kwa toroli kila wakiangua. Agonga hodi, haitikiwi, azipanga, aondoka."

"Na nyinyi hamzichukui?"

Akanitazama kama niliyesema tusi. "Mali ya ntu, Hamad!"

Nikapanda juu kwa Vitenge. Mlinzi wake anaitwa Masanja, mtu wa bara, ana adabu kuliko wengi wetu, na katika kibaraza cha nyuma alikuwa ameanika karafuu za majirani wa bondeni juu ya vile vitofali vya zege, wanaviita pevingi, maana hakuna mahali kisiwani karafuu inapokauka haraka kama kwenye ua wa tajiri ambaye hayupo. Nikamuuliza. Akaniambia yote bila kificho. Idd moja bosi wake alimwona Bi Mize akishuka kilima, mgongo umepinda, nazi kichwani na ufagio kwapani, roho ikamuuma, akaona aibu kwamba bibi wa umri ule anapata taabu kwa ajili ya nazi zake mwenyewe wakati nyumba ina mlinzi na toroli. Akaagiza: tangu leo, nazi zote apelekewe mlangoni kwake, hata moja isibaki. Ua ukawekwa pevingi, shina la mnazi likajengewa duara la vigae na benchi la kupumzikia, kwa heshima yake. Na mlango mdogo, kwa kuwa sasa hauna kazi, na mpira wa maji ulishaibiwa kupitia hapo, ukazibwa kwa matofali.

"Mimi nimeambiwa nipeleke, Mzee," Masanja akasema. "Napeleka. Nimekosea?"

Nikamwambia hakukosea.

Siku ya pili nikapanda gari la Konde. Bi Mize nilimkuta nyuma ya duka la mtoto wa dada yake, pembeni ya soko, kapungua, macho yameingia ukungu, mkono mmoja umeshikilia ukingo wa kiti. Alinijua kwa sauti. Tulisalimiana kwa urefu, akaniuliza habari za mke wangu, za watoto, za magoti yangu. Kisha nikamuuliza kwa nini alihama.

"Nlango ulizibwa," akasema. "Nkaona nshaambiwa."

"Kakwambia nani?"

"Nlango."

"Bwana Nassor alikuonea huruma, Bi Mize. Alitaka usitaabike."

"Najua, mwanangu. Ntu mwema yule. Nazi zikaja, nyingi, kubwa. Nkarudisha ahsante. Ya pili zikaja, nkarudisha ahsante." Akasikiliza kelele za sokoni. "Hapa Konde hapana nazi? Miye nazi nilizitaka za nini? Nilikwenda kukaa."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Nyumba yake, ukuta wake. Yeye kanistahi, nami nkanstahi. Pale bondeni nilikaa kwa ajili ya nnazi tu. Niliponyimwa kuufikia, nkaona nikae kwa nani?"

Neno lile "niliponyimwa" lilinikata. Nilitoka nje ya duka, nikampigia simu Nassor huko Dar es Salaam, nikamweleza kama nilivyolisikia. "Laa haula," akasema. "Miye nilikuwa nampunguzia dhiki." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Akasema mlango utazibuliwa, fundi akipatikana. Lakini hatangoja fundi, kesho atatuma gari zuri limchukue Bi Mize Konde mpaka Mibungoni, na mimi nifuatane naye.

Gari likaja, na viti vyake vya ngozi. Bi Mize akavaa buibui lake la kutokea na akachukua ufagio wa chelewa, mpya, kaununua sokoni asubuhi ile. Njia nzima aliuweka magotini. Tuliingia kwa geti, lile la simba. Masanja alikuwa amevaa shati jeupe, meza imetandikwa kitambaa, juisi ya ukwaju na keki.

"Karibu, bibi," akasema. "Karibu sana. Karibu ndani, usiogope."

"Ahsante, baba. Nshakaribia."

Nilimshika mkono mpaka kwenye mnazi. Mnazi ulikuwa hai, mrefu sana sasa, umevishwa bati kiunoni kuzuia panya. Bi Mize aliligusa shina kwa kiganja, akashuka nalo mpaka chini, akafika kwenye vigae. Akainama na ufagio. Alifagia kidogo, mara moja huku, mara moja kule. Hapakuwa na mchanga, wala jani. Masanja alikuwa ameshapaosha kwa sabuni tangu alfajiri. Chelewa zilikwaruza vigae, akaacha. Akasimama, ncha ya ufagio inapapasa baina ya vitofali, ikitafuta udongo.

Simu ikaletwa, uso wa Nassor umejaa kwenye kioo. "Bi Mize! Umefurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akaketi kwenye benchi, akanywa juisi mpaka nusu, kama anywavyo mtu aliyekwenda kwa watu. Akaisifu nyumba. Akamuuliza Masanja watoto wake wako wapi, akaambiwa wako Shinyanga, akawaombea dua. Kisha akasema, "Hamad, nirejeshe."

"Hukai kidogo?"

"Nimekaa."

Tulipofika getini aligeuka akaelekeza uso uani, akasema kwa sauti yake ile ya chini: "Kwaherini." Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiuaga mnazi ule. Mpaka Konde mimi nilikuwa nikitazama nje.

Mlango mdogo ulizibuliwa, fundi alipatikana, na sasa upo pale na komeo lake. Hajautumia mtu. Nassor hunipigia kila wiki kuuliza kama Bi Mize atakuja tena, nami humwambia mguu wake hauna nguvu, na hilo ni kweli pia. Salim hajatokea. Akitokea leo atakuta duara la vigae, safi kabisa.

Kazi yenu ni nzuri, vijana, na sina ushauri mwingi. Miti iulizeni, kama alivyosema Mzee Shaame. Na ukishaambiwa ni wa nani, usiondoke bado, keti, uliza na huwa anaufanyia nini. Sisi hatukuuliza lile la pili. Kila mtu katika habari hii alikuwa na adabu zake kamili, tajiri, mlinzi, jirani, Bi Mize mwenyewe, na baina ya adabu zote zile mama akakosa pa kumngojea mwanawe.

Jioni ya siku ile, baada ya kumrejesha Konde, Masanja alinipigia simu. "Mzee Hamad, yule bibi kasahau ufagio wake. Nimeukuta umeegemezwa kwenye mnazi."

Nikamwambia hakuusahau.

Akafikiri kidogo, maskini, kwa wema wake. "Basi kesho kuna gari linakwenda Konde. Nimtafutie mtu ampelekee?"

"Hapana, Masanja," nikamwambia. "Uache hapo hapo. Safari hii tusimpelekee kitu."